Programu Imekataa: Mwongozo wa Mwanafunzi Aliyekwama na Zoezi la Kompyuta

"Programu imekataa." Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huniandikia hivyo, na mara nyingi ujumbe wenyewe huishia hapo. Mwongozo huu umekusanya matatizo yanayojirudia kila muhula katika maabara za Nairobi, mengi ya Python, mengine ya C na Java. Nimeupanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, kisha anza na kisababishi cha kwanza, kwa kuwa ndicho kinachotokea zaidi. Usirukie cha mwisho kwa sababu tu kinasikika cha kitaalamu.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya kazi yako na nakala hiyo uipe jina lenye tarehe. Halafu badilisha kitu kimoja, endesha programu, tazama matokeo, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha mistari mitano kwa mpigo hajui ni upi uliomsaidia wala ni upi uliomharibia.

Dalili: Terminali haiijui Python, au haioni faili yako

Terminali ni lile dirisha la kuandikia amri. Tazama kwanza mwanzo wa mstari unaoandikia. Ukiona alama `>>>`, tayari umo ndani ya Python yenyewe, na ukiandika `python kazi.py` hapo utaambiwa `SyntaxError`, yaani kosa la uandishi, ingawa hujakosea hata herufi moja. Andika `exit()`, utoke, urudie amri yako.

Ukiambiwa `No such file or directory`, terminali imefunguka kwenye folda nyingine. Andika `dir` kwenye Windows, au `ls` kwenye Linux, uone kilichomo. Ukikuta jina `kazi.py.txt`, umemkamata mhalifu: Notepad imebandika `.txt` mwishoni, na Windows kwa kawaida huficha sehemu hiyo ya jina. Washa uonyeshaji wa majina kamili ya faili, ondoa `.txt`, yaishe.

Kisababishi cha tatu ni Python yenyewe kutosakinishwa vizuri. Kwenye Windows jaribu `py --version`. Ikijibu, tumia `py kazi.py` uendelee na maisha. Isipojibu, endesha upya kisakinishi kutoka python.org na utie alama kwenye kisanduku kilichoandikwa "Add python.exe to PATH" kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha. Wengi hukipita kisanduku hicho bila kukiona. Kwenye Linux amri huwa ni `python3`.

Ikiwa kompyuta ni ya chuo na inadai nenosiri la msimamizi, ishie hapo. Muite fundi wa maabara. Usitafute mtandaoni njia ya kupita nyuma ya nenosiri hilo.

Dalili: SyntaxError kwenye mstari ambao hauna kasoro

Mstari unaotajwa mara nyingi hauna hatia. Tazama ulio juu yake. Mabano yaliyofunguliwa na hayakufungwa, nukta mbili zilizosahaulika baada ya `if` au `for`, nukta mkato iliyokosekana kwenye C: kompyuta huendelea kusoma hadi mahali inapochanganyikiwa, na hapo ndipo inapolalamika. Python ilianza kusema waziwazi `'(' was never closed` kuanzia toleo la 3.10, lililotoka mwaka 2021. Kama mashine ya maabara ina toleo la zamani zaidi, hesabu mabano kwa mkono, ukianza na mstari wa juu.

Kisababishi cha pili kimeenea sana hapa kwa sababu sisi hutumiana kila kitu kwa WhatsApp. Mwenzako anakutumia msimbo, yaani mistari ya programu, kama ujumbe wa kawaida, unanakili, unabandika, na Python inakwambia:

`SyntaxError: invalid character '“' (U+201C)`

Alama za nukuu zimegeuzwa njiani. Simu, Word na PDF hupenda alama zilizopinda, ya kufungua ikielekea huku na ya kufunga kule. Lugha za programu hutaka ile iliyonyooka, `"`, ya kwenye kibodi. Kwa jicho la mtu aliyechoka usiku, zote ni sawa. Kompaila ya C, yaani programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, nayo hulalamika kwa namna inayotisha zaidi, `stray '\342' in program`, lakini ugonjwa ni uleule. Futa alama hizo uziandike upya kwa mkono. Ukiona `U+00A0`, hiyo ni nafasi bandia, mara nyingi kutoka kwenye ukurasa wa wavuti au PDF. Futa nafasi zote za mstari huo uzipige upya. WhatsApp pia huchukua nyota na mistari ya chini kama maagizo ya wino mzito na wa mlalo, hivyo msimbo utumwe kama faili, kwa njia ya kuambatisha waraka. Ni jambo la sekunde chache.

Tatu, nafasi za mwanzo wa mstari. Kwenye Python nafasi hizo ni sehemu ya lugha. PDF huzimeza, na mtu akibandika mistari kumi hujikuta na `IndentationError`. Mbaya zaidi ni kuchanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida, kwa sababu kwenye skrini mistari inapangana vizuri kabisa huku Python ikipiga kelele `TabError`. Weka kihariri chako, yaani programu unayoandikia msimbo, kionyeshe nafasi, kisha ugeuze zote ziwe nafasi nne nne. Visual Studio Code ina amri ya kufanya hivyo kwa faili nzima.

Nne, noti za kurithi. Kuna noti ambazo zimepita mikono ya wanafunzi wengi, fotokopi juu ya fotokopi, na ndani yake mna `print "Habari"` bila mabano. Hiyo ni Python 2, ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Python 3 itakujibu `Missing parentheses in call to 'print'`. Kwenye C na C++ dalili ya noti kuukuu ni `conio.h`, `clrscr()` na `iostream.h`. Hivyo ni vitu vya enzi za Turbo C++, na kiwango rasmi cha C++ cha mwaka 1998 kilishaweka `iostream` bila ile `.h`. Usijaribu kuisakinisha Turbo C++ ili noti zifanye kazi. Badilisha msimbo, kisha umuulize mhadhiri ni kompaila ipi atakayotumia kusahihisha.

Dalili: Inaendeshwa bila kulalamika, ila jibu si sahihi

Hapa ndipo saa za watu huishia. Kompyuta haioni kosa lolote, kwa hiyo haikupi ujumbe wa kukuelekeza.

Kinachoongoza ni namba ambayo kwa kweli ni maandishi. Chukua zoezi la nauli ya matatu. Unaandika `nauli = input("Nauli: ")`, mtumiaji anaingiza 50, kisha `print(nauli * 3)` kwa abiria watatu. Unatarajia 150 unapata `505050`. Kila kinachotoka kwa `input()` ni maandishi, na Python ikiambiwa izidishe maandishi kwa 3 huyarudia mara tatu. Tiba ni `nauli = int(input("Nauli: "))`. Na mtumiaji akiingiza `1,500` kwa mkato, `int` itakataa kwa `ValueError`, kwa hiyo uondoe mkato kwanza.

La pili ni kugawanya. Kwenye C na Java, `7 / 2` ni 3, kwa kuwa zote mbili ni namba kamili na sehemu ya desimali hutupwa. Wastani wa alama za darasa zima ukitoka bila desimali, anzia hapo: geuza mojawapo iwe `7.0`. Kwenye Python 3 alama `/` hutoa 3.5 na `//` hutoa 3.

La tatu nataka tulitazame kwa karibu, kwa sababu zoezi lenyewe ni letu. Mhadhiri anataka programu ipokee saa ya kimataifa, 0 hadi 23, itoe saa ya Kiswahili. Kila mtu anajua kwamba saa 7 ya asubuhi kwenye simu ni saa moja, basi tunatoa sita:

`saa_yetu = (saa - 6) % 12`

Ingiza 7, unapata 1. Ingiza 10, unapata 4. Mwanafunzi anafurahi, anawasilisha. Lakini ingiza 6. Inatoka 0, na hakuna mtu aliyewahi kuambiwa tukutane saa sifuri. Ilipaswa kuwa saa kumi na mbili, basi sifuri igeuzwe 12 kwa `if` moja. Sasa ingiza 5, yaani saa kumi na moja alfajiri. Kwenye Python unapata 11, sawasawa. Ukiandika mstari huohuo kwenye C au Java unapata -1. Hesabu ni ileile, alama ni ileile `%`, ila lugha hizo mbili hukipa kinachobaki alama ya namba inayogawanywa, nayo ni -1, ilhali Python hukipa alama ya kigawanyi, ambacho ni 12. Ndiyo maana wenzako wawili wanaweza kubishana hadi usiku, kila mmoja akiwa na jibu lake na msimbo unaofanana. Tiba inayofanya kazi kwenye lugha zote ni kujumlisha badala ya kutoa:

`saa_yetu = (saa + 6) % 12`

Kwenda mbele saa sita au kurudi nyuma saa sita kwenye uso wa saa ni palepale, na hakuna hasi tena. Ile `if` ya sifuri ibaki.

Funzo la vitendo ni namba za kujaribia. Usijaribu namba ya katikati peke yake. Kwa zoezi hili jaribu 0, 5, 6, 7, 12, 18 na 23, na majibu yake uyaandike kwenye karatasi kabla ya kuendesha programu. Ukiendesha kwanza, jicho litakubali chochote kinachotoka.

Vingine nitavipitia haraka. `range(1, 10)` huishia 9. Kwenye C, `if (x = 5)` haiulizi bali inaweka 5 ndani ya `x`, nayo huwa kweli daima. Kwenye Java, maneno hulinganishwa kwa `.equals()`, si `==`. Na `0.1 + 0.2` ikikupa `0.30000000000000004`, mashine haijaharibika: desimali nyingi haziwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo wa sifuri na moja. Kwa hesabu za pesa, hifadhi senti kama namba kamili.

Ukiwa umepita yote hayo na bado jibu ni baya, chapisha thamani ya kila kigeu, yaani kila jina linaloshika thamani kama `nauli`, baada ya kila hatua. Wapo wanaodharau njia hiyo wakisema ni ya wanaoanza. Wewe ni anayeanza, na inafanya kazi.

Dalili: Imesimama kimya

Kwanza, huenda inakungoja wewe. `input()` isiyo na maneno ndani ya mabano, au `scanf`, hukaa ikisubiri uandike kitu na haikuambii. Andika namba, bonyeza Enter, uone.

Pili, kitanzi kisichokwisha. Ndani ya `while` lazima kuwe na kitu kinachobadilisha sharti lake, na mara nyingi `i = i + 1` imeandikwa nje kwa sababu ya nafasi za mwanzo wa mstari. Isimamishe kwa Ctrl na C. Kitanzi kinachoandika kwenye faili usikiache kikizunguka huku umeenda kununua smoki. Utarudi ukute diski imejaa.

Kinyume cha dalili hii ni programu inayoruka swali. Kwenye Java, `nextInt()` huacha ile Enter ikining'inia, na `nextLine()` inayofuata huichukua kama jibu tupu. Weka `nextLine()` moja ya ziada katikati. Kwenye C, `scanf` ya `%c` baada ya `%d` huumwa na ugonjwa huohuo. Acha nafasi kabla ya asilimia: `" %c"`.

Dalili: Inaanguka katikati na kumwaga maandishi mekundu

Kwenye Python, soma kutoka chini. Mstari wa mwisho unasema kosa ni la aina gani, wa juu yake unasema ni wapi. Jina la faili yako likionekana, hapo ndipo pa kuangalia, si kwenye faili za ndani za Python zilizotajwa katikati.

`NameError` kwa kawaida ni jina lililoandikwa kwa herufi tofauti: `Jumla` na `jumla` ni watu wawili. `IndexError` ni orodha yenye vitu vitano inayodaiwa cha sita, na kumbuka hesabu inaanza sifuri. `NullPointerException` ya Java inamaanisha kitu ulichokitaja bado hakijaundwa, mara nyingi orodha uliyoitangaza ukasahau `new`. `Segmentation fault` kwenye C hutokana sana na `scanf("%d", x)` isiyo na `&` kabla ya `x`, halafu na kupita mwisho wa safu, yaani array.

Kuna moja ya ajabu inayowatoa watu jasho. Umefuata mfano wa kitabu neno kwa neno, lakini `random.randint` inadai haipo. Tazama jina la faili yako. Kama umeiita `random.py`, Python inaiingiza faili yako badala ya ile ya kwake. Ipe jina jingine.

Dalili: Kwangu inafanya, kwa mhadhiri inakataa

Njia ya faili ndiyo ya kwanza. Ukiandika `C:\Users\...` ndani ya msimbo, mhadhiri hana folda yenye jina lako. Tena kwenye Python ile `\U` huzua kosa lake, lenye neno `unicodeescape`, ambalo hata kwako litakusumbua. Weka faili ya data pamoja na msimbo na uitaje kwa jina tu.

Halafu herufi kubwa na ndogo. Windows haitofautishi `Wanafunzi.csv` na `wanafunzi.csv`, Linux hutofautisha, na seva nyingi za kusahihishia ni Linux. Kwenye Java, darasa la `public` liitwalo `Hesabu` lazima likae kwenye `Hesabu.java`, si `hesabu.java`.

Kama zoezi husahihishwa na mashine, pengine umeongeza maneno ya adabu. Swali linataka `150`, wewe umechapisha `Jumla ni shilingi 150`. Mashine haina shukrani. Toa kile kilichoombwa, bila nafasi ya ziada.

La mwisho halijulikani sana. Faili ya CSV iliyohifadhiwa kutoka Excel inaweza kuanza na alama isiyoonekana, na Python ikadai safuwima ya `jina` haipo huku unaiona. Ifungue kwa `encoding="utf-8-sig"`.

Dalili: Huna pa kuanzia kabisa

Funga kompyuta. Andika kwa Kiswahili, kwenye karatasi, hatua ambazo ungemwelekeza mtoto wa darasa la sita azifanye kwa mkono kwa mfano mmoja wa swali. Ukishindwa kuzieleza, tatizo si lugha ya programu, ni swali ambalo hujalielewa. Hilo humalizwa na mhadhiri au mwenzako kwa dakika chache. Ukiweza, kila hatua igeuze iwe mstari wa maelezo ndani ya faili, kisha ujaze msimbo chini yake, mmoja mmoja.

Dalili: Umeomba msaada, watu wamenyamaza

Umeandika kwenye kundi la darasa, alama za bluu zimejaa, na hakuna anayejibu. Wengi hudhani wenzao wana roho mbaya. Kisababishi cha kwanza ni ujumbe usio na kitu cha kushika:

"Niaje wakubwa, programu yangu imekataa, saidieni ni ya kesho."

Anayetaka kukusaidia lazima kwanza akuulize maswali matano, naye yumo kwenye matatu Thika Road na bando linaisha. Atapita. Ya pili ni picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, kioo kinang'aa na nusu ya mstari imekatwa. Ni vigumu mtu kunakili msimbo kutoka kwenye picha ya namna hiyo akaujaribu. Ya tatu ni kutuma swali zima la mhadhiri bila mstari hata mmoja wako. Hapo hujaomba msaada, umeomba kufanyiwa. Na ya nne ni saa: ukiuliza saa tano na dakika hamsini usiku, kazi inafungwa saa sita, kila mtu anahangaika na yake.

Mtihani wa ujumbe mzuri ni huu: mtu aweze kukujibu bila kukuuliza chochote. Kwa lile zoezi la saa ungekuwa hivi:

"Habari za jioni, mwalimu. Nafanya zoezi la kubadilisha saa kwa C. Nikiingiza 7 napata 1, ambayo ni sawa. Nikiingiza 5 napata -1 badala ya 11. Nimejaribu kuweka `if` ya namba hasi, 5 ikakubali, lakini 6 bado inatoa 0. Mistari minne inayohusika ni hii hapa chini. Naomba unielekeze nianzie wapi."

Ujumbe huo una ulichoingiza, ulichopata, ulichotarajia na ulichojaribu. Ujumbe wa hitilafu, kama upo, unakiliwe wote kama ulivyo, kwa Kiingereza chake, bila kutafsiri wala kufupisha. Msimbo upunguze hadi kwenye sehemu ndogo kabisa ambayo bado inakosea. Nakuhakikishia kwamba mara nyingi, ukiwa katikati ya kupunguza, utaliona kosa mwenyewe, na ujumbe hautatumwa.

Na ukisaidiwa, rudi useme kilichofanya kazi. Mtu aliyekusaidia bure na asisikie neno tena hatafungua ujumbe wako wa pili.

Dalili: Umepata jibu, ila huwezi kulieleza

Msimbo unafanya kazi. Umeutoa kwa mwenzako, kwa roboti la mazungumzo, au kwa mtu uliyemlipa. Mhadhiri anakuita mbele na kuuliza mstari wa nane unafanya nini.

Hatari ya kawaida kabisa ni msimbo unaotumia vitu ambavyo darasa halijafika. Msahihishaji huliona jambo hilo kabla hajaiendesha programu. Hatari ya pili ni kufanana. Zipo programu za kulinganisha kazi za wanafunzi. Inayojulikana zaidi, Moss, ilitengenezwa mwaka 1994, nayo hulinganisha muundo wa msimbo. Kubadilisha `jumla` kuwa `total` na kuongeza mistari mitupu hakuihadai.

Kama bado muda upo, funga jibu ulilopewa na uandike lako upya bila kutazama. Ukikwama mstari fulani, huo ndio usiouelewa, na huo ndio wa kuulizia. Roboti la mazungumzo nalo lina faida ukiliuliza hivi: "Usinipe msimbo. Nieleze kwa nini `%` inatoa hasi." Tazama kwanza kanuni za kozi yako, kwa kuwa wahadhiri hawafanani, wengine wanaruhusu na wengine hawataki hata kusikia.

Ukiwa umeshawasilisha kazi isiyo yako na unaitwa kuhojiwa, usitafute ushauri kwenye kundi la WhatsApp. Mwone mhadhiri au mshauri wa kitaaluma wa idara yako kabla ya siku hiyo.

Dalili: Kazi imepotea

Stima imekatika. Au ulikuwa saiba, ukatoka, ukarudi ukakuta mashine tupu. Kompyuta nyingi za saiba na za maabara huwekwa zijirejeshe zilivyokuwa kila zinapowashwa upya, na kilichohifadhiwa kwenye skrini ya mwanzo hufutika. Hicho huwa hakirudi. Jitumie kazi kwa barua pepe kabla ya kuinuka kitini.

Kama ulikuwa kwenye laptopu yako na unatumia Visual Studio Code, fungua sehemu iitwayo Timeline. Kihariri huweka matoleo ya faili kila unapohifadhi, na wengi wamepona hapo.

Flashi iliyojaa njia za mkato badala ya folda zako kwa kawaida ina kirusi cha kawaida tu, na faili zimefichwa, hazijafutwa. Usibofye njia hizo za mkato. Pitisha kinga ya virusi kwanza, halafu, ikiwa flashi ni herufi E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` kwenye terminali ya Windows. Hakikisha herufi ya flashi ni sahihi kabla ya kubonyeza Enter, na usibandike terminalini amri yoyote ya mtandaoni ambayo huwezi kueleza inachofanya, hasa inayoanza na `rm` au `format`.

Usiendelee peke yako ukiona mojawapo ya haya: diski inagonga au kukwaruza, flashi inaomba kuformatiwa kila ukiichomeka, au betri ya laptopu imevimba hadi kibodi imeinuka. Kwa betri, zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa. Kwa diski, zima na usihifadhi chochote kipya juu yake, kwa sababu kila kinachoandikwa kinaweza kufunika unachokitafuta. Na ikiwa si mashine bali ni wewe, hujalala siku kadhaa, huli, unawaza kuacha kila kitu, basi zoezi lisubiri. Nenda ofisi ya ushauri wa wanafunzi chuoni kwako, au umpigie leo hii mtu wa nyumbani unayemwamini.

Mhadhiri mwandikie kabla ya muda wa mwisho, ukiambatisha nakala uliyo nayo hata kama ni nusu. Flashi ukiipeleka kwa fundi mjini, iwe Luthuli au Moi Avenue, mwambie mapema kwamba unataka faili zilizomo, si flashi iliyopona, maana wapo wanaoanza kwa kuiformati. Muulize bei kabla hajaifungua, na usiondoke ukaiacha bila risiti.